Mama Mkwe Kwenye Meli ya Mchanga

Majirani walimwita Bwana Mchanga, na jina lenyewe hakulichukia, ingawa kazi iliyolizaa ilimchukua hata mkewe miaka kuielewa. Alitafuta mchanga baharini. Si ule wa ufukweni ambao mtoto yeyote huuokota na kuujaza kwenye ndoo. Alitafuta mchanga uliolala chini ya maji, mbali na nchi kavu, ili meli kubwa zije kuunyonya kwa pampu na kuumwaga kwenye fukwe zilizoliwa na mawimbi. Akieleza hayo harusini au msibani, watu walimtazama kwa huruma. Shemeji yake mmoja aliwahi kumvuta pembeni na kumuuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama huyo anayemlipa anafahamu kuwa mchanga upo hata barabarani.

Ofisini alikuwa mtu mwingine. Meza yake ilijaa machekeche yaliyopangwa makubwa kwa madogo, vikopo vya mchanga wa kila rangi, na kioo cha kukuzia chenye mpini ulioungwa kwa gundi. Mhandisi akija na mchanga mbovu, Bwana Mchanga alimrudisha nao mlangoni bila kuinua sauti. Lakini akivuka kizingiti cha mama mkwe wake, yote hayo aliyaacha nje pamoja na viatu. Mbele ya mama yule alikuwa na neno moja tu: "Ndiyo, mama."

Mambo yalianzia siku ile alipokwenda kujitambulisha. Mama, aliyekuwa na duka la vitambaa sokoni na jicho la kuona uzi ulioruka hata taa ikizimwa, alimkagua kuanzia unyayoni hadi utosini, kisha akamuuliza, "Kazi yako ya baharini, wewe hutapiki?"

"Sitapiki, mama."

"Nasikia wengine hutapika."

"Ndiyo, mama. Wengine."

Ukweli ni kwamba Bwana Mchanga alitapika kila safari bila kukosa. Hata bahari ikitulia kama maji ya beseni, yeye hutapika. Mkewe, ambaye aliajiriwa kwenye duka la dawa, ndiye aliyekuwa akimfungia vidonge kwenye karatasi kabla ya kila safari, na siri hiyo waliilea wawili tangu kabla mapacha wao hawajazaliwa. Mama mkwe alikuwa akiwasimulia wateja wake kwa fahari kwamba binti yake ameolewa na mtu ambaye bahari imemshindwa.

Nyumba ya mama huyo ilikuwa ufukweni. Zamani mbele yake palikuwa na barabara ya vumbi, kisha vichaka, kisha ufukwe mpana ambapo watu walicheza mpira. Bahari ilianza kwa kula ufukwe, ikaja vichakani, ikameza barabara, na katika mvua za mwaka mmoja uliopita ikabeba baraza lake lote na kuacha ngazi za mbele zikining'inia hewani, zikielekea kusikojulikana. Mama hakuhama. Kila asubuhi alizifagia zile ngazi kama kawaida, na wageni wakija aliwaambia, "Piteni nyuma. Mlango wa mbele siku hizi ni wa bahari."

Hatimaye wakubwa wa mji walikubali kuurudisha ufukwe, na kampuni ya Bwana Mchanga ikapewa kazi ya kutafuta mchanga. Wakazi nao walikwisha kusikia habari za mahali fulani ambapo watu waliletewa mchanga uliojaa vipande vya makombe, watoto wakakatika nyayo, viatu vikaisha madukani. Wakasema safari hii mmoja wao atapanda meli, aone kwa macho yake kinachotolewa, na asipokiridhia kisiletwe. Mkutano ukamchagua mama mkwe. Hakuna aliyegombea naye, kwa sababu hakuna aliyethubutu.

Bwana Mchanga alizipata habari hizo jikoni. Mkewe alikuwa akimenya viazi na alimpa mgongo ili asionekane uso.

"Atakaa melini safari nzima?" Bwana Mchanga aliuliza.

"Safari nzima."

"Atalala wapi? Melini hakuna nafasi."

"Nahodha amemwachia chumba chake."

"Nahodha? Mama anamjulia wapi nahodha?"

"Hamjui," mkewe alisema, na sasa mabega yalikuwa yakimtikisika. "Alimpigia simu."

Siku ya safari mama alifika gatini kabla ya mabaharia. Alikuja na sanduku, mwavuli, kiti chake cha plastiki, na kipande cha kitambaa cha rangi ya maziwa kilichokunjwa vizuri mkobani. Bwana Mchanga alimwamkia kwa adabu zote, akambebea sanduku, akauliza kitambaa ni cha nini.

"Rangi ya mchanga wetu," alijibu. "Nilikaa nao tangu naolewa, naujua. Nimeitafuta dukani mpaka nimeipata yenyewe. Mchanga usiofanana na hiki, msinionyeshe."

Bwana Mchanga aliliweka sanduku chini. Ofisini kwake alikuwa na kikopo cha mchanga wa zamani wa ufukwe ule ule, uliochimbwa chini ya msingi wa nyumba ya mama, na rangi yake ilikuwa ya biskuti iliyokaa sana kwenye oveni. "Ndiyo, mama," alisema.

Meli ilipotoka bandarini, yeye alikwisha kumeza vidonge viwili na kusimama ukingoni, macho ameyakaza kwenye ule mstari ambapo maji hukutana na mbingu, maana huo ndio pekee usioyumba. Mama aliweka kiti chake karibu naye.

"Baba Pacha, unaangalia nini huko muda wote?"

"Hali ya bahari, mama."

"Ikoje?"

"Ipo."

Haikupita muda akaomba udhuru. "Naenda kupima maji, mama." Akapotea nyuma ya kibanda cha majaketi ya kuokolea, akapima. Aliporudi alikuwa amenawa uso. Mama alimtazama, kisha akatazama kibanda. Mchana alikwenda kupima tena, na alasiri tena.

"Maji haya," mama alimwambia mpishi wa meli, "yanapimwa sana."

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Ndani ya meli kulikuwa na mashine inayopeleka sauti chini na kusikiliza inavyorudi, na kutokana na mwangwi huo ikachora sakafu ya bahari na tabaka zilizo chini yake. Pale ambapo mchoro ulitia matumaini, mabaharia waliteremsha bomba refu la chuma lenye mtambo wa kulitetemesha. Bomba lilizama ardhini chini ya bahari kama mrija kwenye glasi, kisha winchi ikalivuta juu likiwa limejaa chochote kilichokuwako. Likalazwa mezani na kupasuliwa kwa urefu, na hapo ndipo Bwana Mchanga alipoinama na kioo chake.

La kwanza lilipopasuliwa, likatoka tope la kijivu lenye harufu ya yai lililosahaulika. Mama aliziba pua kwa kitambaa chake cha rangi ya maziwa, kisha akakumbuka ni kitambaa gani, akaziba kwa mkono.

"Hili ndilo mnalotaka kuniwekea mlangoni?"

"Hapana, mama. Hili ni tope."

"Naliona kuwa ni tope. Nimeuliza kama ndilo."

La pili lilikuwa makombe matupu. La tatu, kokoto. Mama alimgeukia fundi wa winchi, mtu mkubwa mwenye mikono kama makasia, akamwambia kwa ule upole wa mteja mzoefu, "Mwanangu, huu wa nje nimeuona. Nitolee ule wa ndani, mnaowafichia wateja wakubwa."

Fundi akaangalia bahari, akamwangalia Bwana Mchanga, akajibu kwamba atajitahidi.

Siku ya pili meli ilikuwa ya mama. Alikwisha kumshonea fundi wa mashine suruali iliyochanika, akahamisha masufuria ya mpishi kutoka yalikokuwa na kuyapeleka yanakostahili, na mabaharia walimwita Bosi bila mzaha. Bomba likipanda, fundi wa winchi hakumwangalia tena Bwana Mchanga. Alimwangalia mwanamke aliyekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, na yeye akitikisa kichwa, bomba liliteremshwa kwingine. Bwana Mchanga angetaka kuudhika, lakini kuudhika kunahitaji tumbo lililotulia.

Kisha, mchana wa siku ya tatu, mashine ya mwangwi ilichora kitu kilichomfanya asahau hata tumbo. Chini ya tope, pana na refu, palikuwa na mkondo wa mto wa kale, wa enzi ambazo bahari ilikuwa mbali, na hapo palikuwa nchi kavu. Mto ulikufa, bahari ikaja juu yake, lakini mchanga wake ulibaki umelala mahali pake. Bomba liliteremka, likatetemeka kwa raha, likapanda. Lilipopasuliwa mezani, Bwana Mchanga aliinama akakaa ameinama. Chembe zilikuwa safi, zilizolingana, nzito kidogo, zikiteleza katikati ya vidole bila kuacha uchafu. Katika miaka yake yote ya kazi alikuwa ameona mchanga wa namna hiyo mara chache sana.

Ulikuwa pia wa kahawia, kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.

Mama alisogeza kiti. Akatoa kitambaa, akakiweka kando ya mchanga. Akaangalia kitambaa, akaangalia mchanga.

"Hapana," alisema.

Bwana Mchanga alifungua mdomo, na lile neno lake la siku zote likaanza kujitokeza lenyewe. Akaufunga. Alijua kwamba akisema ndiyo, mama, mkondo ule utaachwa na wao watarudi mjini na kokoto. Lakini kumbishia mkwe, tena mbele ya fundi wa winchi? Akatoa simu. Walikuwa karibu na nchi kavu kiasi cha simu kushika ukisimama upande wa kulia, na kwa sababu ya upepo ilibidi aweke simu kwenye spika.

"Mwambie mama," alimwambia mkewe, "kwamba rangi si tatizo."

"Subiri, nahudumia mtu. Mara mbili kwa siku, baada ya kula. Haya. Nimwambie mama nini? Si yuko huko huko?"

"Yuko."

"Wapi?"

"Hapa. Kwenye kiti."

Mama akadakia kutoka kitini, bila kugeuza shingo: "Mwambie mumeo nimesikia."

"Mama anasema amesikia," alisema mkewe.

"Mwulize basi anasemaje."

"Mwambie nasema hapana."

"Anasema hapana. Sasa nyinyi wawili, mnaonana au hamwonani? Maana mimi nina foleni hapa na kuna mtu ananikoholea usoni." Simu ikakatika.

Bwana Mchanga alibaki ameishika. Fundi wa winchi alijishughulisha na nati isiyohitaji kushughulikiwa. Na hapo ndipo wimbi moja pana, lisilo na haraka, likapita chini ya meli, likainyanyua upande mmoja na kuilaza upande wa pili. Kibanda cha majaketi kilikuwa mbali. Alipiga hatua moja kuelekea huko, akatapika pale pale, miguuni pa kiti cha plastiki.

Angeweza kufa kwa aibu, na kwa muda alitumaini hivyo. Badala yake akahisi kiganja kipana, kikavu, kimeshika paji la uso wake, na ndoo imesukumwa chini ya kidevu.

"Toa yote," alisema mama. "Usiyazuie."

Akatoa yote.

"Tangu lini?"

"Tangu siku zote, mama."

"Kila safari?"

"Kila safari."

"Kwa hiyo kule kupima maji..."

"Ndiyo, mama."

Mama alitafakari, mkono ukiwa bado kwenye paji. "Na mimi naenda sokoni nawaambia watu mkwe wangu bahari imemshindwa." Alitikisa kichwa, lakini sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa kama ya mtu aliyegundua kwamba mizani ya jirani ni mbovu na kwamba yeye aliishuku siku nyingi. "Haya. Kaa chini. Huu mchanga ni mzuri au si mzuri?"

"Ni mzuri."

"Rangi yake ni mbaya."

"Hapana, mama."

Alilisikia neno likitoka na akashtuka kama limesemwa na mtu mwingine. Lakini lilikwisha kutoka, na kama vile vyote vilivyomtoka mchana ule, yaliyofuata hayakuzuilika. Alisema mchanga ni wa kahawia kwa sababu umekaa chini ya tope tangu enzi ambazo hakuna anayezijua, haujaona jua. Ukikaa juani na mvua zikaupiga utapauka. Hautakuwa kama kitambaa kile, hapana, kwa sababu hata ufukwe wenyewe haukuwahi kuwa kama kitambaa kile. Anao mchanga wake kwenye kikopo, uliotoka chini ya msingi wa nyumba, na ni rangi ya biskuti, na mama akitaka atamletea mezani. Mchanga mweupe laini upo, tena aliuona upande wa kusini, lakini bahari itaubeba wote katika masika moja na ngazi zitaning'inia tena. Huu ni mzito, utakaa. Hauna makombe. Hautakaa milele pia. Bahari italamba hapa na pale na watu watalazimika kuongeza, na anayewaambia vingine anawadanganya. "Huo ndio ukweli, mama, na mwingine sina," alimaliza, akaivuta ndoo na kutapika tena.

Fundi wa winchi aliacha kuigusa ile nati.

Mama alirudi kitini. Alikunja kitambaa, kona kwa kona, akakirudisha mkobani.

"Baba Pacha," alisema, "mimi nimeuza vitambaa tangu nikiwa msichana. Akija mtu wa kiwandani kuniuzia, namwambia kitambaa chako kitachuja. Akinijibu ndiyo mama, kweli kabisa mama, namfukuza. Yule anayenibishia mpaka jasho linamtoka, huyo namwachia aweke mzigo chini. Wewe tangu umuoe mwanangu unaniambia ndiyo, mama. Chumvi imezidi, ndiyo, mama. Haijazidi, ndiyo, mama. Nimekupenda kwa sababu unamtunza, lakini neno lako hata moja sijawahi kuliamini."

Mama aliinama, akachota mchanga kidogo, akausugua kati ya vidole kama anayepima uzito wa hariri, kisha akauonja.

"Una chumvi," alisema.

"Umetoka baharini, mama."

"Najua umetoka wapi. Nilikuwa natazama kama bado unajibu." Akamgeukia fundi wa winchi. "Huu. Chukueni huu."

Mabomba ya kumwagia mchanga yaliletwa miezi kadhaa baadaye. Meli ya kunyonya ilisimama nje, na bomba refu la chuma likaanza kutapika ufukweni maji na mchanga, usiku na mchana, huku matingatinga yakisambaza. Mtaa mzima ulitoka kutazama, na mtaa mzima ukanyamaza, kwa sababu kilichokuwa kikisambazwa kilikuwa cheusi zaidi hata ya kile kilichoonekana mezani, na kimelowa, na kimevutia nzi.

Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili ndiye aliyevunja kimya. "Tuliomba ufukwe," alisema, "tumeletewa shamba. Sasa tupande nini, mihogo?"

Bwana Mchanga, aliyekuwa pale na kofia yake ya kazi, alivuta pumzi kujiandaa kueleza. Hakupata nafasi. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye ngazi zake, ambazo kwa mara ya kwanza tangu mvua zile zilikuwa zikishukia mahali, na akaanza.

Aliwaambia mchanga huu umekaa gizani kabla babu zao hawajafikiriwa. Aliwauliza kama wao wakifungiwa ndani namna hiyo wangetoka wakiwa na rangi gani. Aliwaeleza habari za chembe nzito na chembe nyepesi, na mto wa kale, akauongezea mto huo urefu na mamba. Mwalimu aliposema anaukumbuka ufukwe wa zamani kuwa mweupe kama maziwa, mama alimtazama kwa masikitiko.

"Macho ya utotoni, mwalimu. Ulikuwa rangi ya biskuti. Mkwe wangu anao kwenye kikopo."

Mvua zilikuja na kuondoka, na jua likafanya kazi yake. Mchanga ulififia kutoka kahawa hadi chai, na kutoka chai hadi biskuti. Vijana walirudi kucheza mpira. Watu walipita mbele ya nyumba ile wakimpongeza mama kwa mchanga aliowachagulia, naye alipokea pongezi hizo bila kuzigawa. Bwana Mchanga mwenyewe alisikia siku moja dukani mtu akimwelekeza mwenzake, "Yule? Yule ni mkwe wa yule mama aliyeleta mchanga."

Nyumbani kwa mama mkwe nako mambo hayakuwa tena yale ya amani. Jumapili wakila chakula cha mchana, mama alisukuma bakuli kuelekea kwake na kumuuliza mboga imekosa nini, na akijibu haijakosa kitu alikunja uso. Mara ya kwanza alipothubutu kusema nyanya zilikuwa nyingi, mkewe alimkanyaga mguu chini ya meza, mapacha wakaacha kutafuna. Mama aliweka kijiko, akabishana naye juu ya nyanya hadi matunda yakaletwa, na alipoagana nao mlangoni alionekana mtu aliyeburudika sana. Bwana Mchanga alikwenda nyumbani amechoka kama aliyetoka kupakua shehena.

"Umejitakia," mkewe alimwambia garini.

Mwaka wa pili bahari ilikata kipande cha ufukwe upande wa kaskazini, kama alivyosema itakata. Simu yake iliita asubuhi akiwa bado na povu la mswaki mdomoni.

"Baba Pacha. Mchanga umepungua huku mwisho."

"Nilisema utapungua, mama."

"Sikukupigia nisikie ulichosema, nilikuwepo. Umepungua sana."

"Sana kiasi gani?"

"Sana."

"Mama, nilipima mwezi uliopita. Si sana."

"Ulipima vibaya."

"Sikupima vibaya."

Mkewe alipita na vikombe vya chai, akamwekea chake kwenye dirisha, akawaita mapacha wavae viatu. Walipotoka wote watatu kuelekea shuleni na dukani, yeye alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mswaki mkononi, akimweleza mama mkwe wake mahali pa kusimama ili auone ufukwe wote, na mama mkwe akimweleza kwamba ndipo aliposimama, na kwamba macho yake hayana shida yoyote.